Shanga zetu za sura zinapasuka zikiwa mezani. Tuwape watoto wodini?

"Mtaalamu, habari za kazi. Tuko akina mama saba wa jumuiya moja hapa Uyole, Mbeya. Mwenzetu aliuguza mtoto hospitalini kwa miezi mingi, na katika kwenda kumwona tukapata wazo: kila mtoto anayechomwa sindano au kutundikiwa dripu apewe ushanga mmoja wa kioo wenye sura ya paka, tembo au bundi, uwe alama ya ushujaa wake. Tunayeyusha chupa za bia na soda kwa tochi ya gesi ya mtungi mdogo, tunazungushia kwenye spoki ya baiskeli iliyopakwa udongo, kisha tunafukia ushanga kwenye sufuria ya majivu ya moto hadi asubuhi. Weupe wa macho tunautoa kwenye sahani nyeupe za kioo zilizovunjika. Zinatoka nzuri, lakini karibu nusu zinapasuka, nyingine siku ya pili zikiwa mezani, hakuna aliyezigusa. Masikio ndiyo huanza. Fundi mmoja anasema moto wetu mdogo, mwingine anasema chupa za bia hazifai, tununue kioo cha nje. Tumechangishana laki tisa. Tununue nini? Na hizi ambazo hazijapasuka, tunaweza kuzigawa?"

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Msizigawe. Ushanga ambao haujapasuka na ule uliopasuka jana ni ndugu wa tumbo moja: wamepita moto uleule na majivu yaleyale, tofauti ni kwamba mmoja ametangulia. Wa pili anaweza kukaa wiki tatu au mwaka mzima, halafu akaachia kipande chenye makali mkononi mwa mtoto. Najua mnavyoumia kusikia hivyo baada ya kazi yote hiyo. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya kwanza hapa Iringa, nilimuuzia mama mmoja hereni za bluu nilizojivunia sana. Wiki ya tatu alinirudishia moja imekatika katikati, safi kama kitu kilichopitishwa wembe. Hakuidondosha. Ilikuwa imelala kwenye kisahani cha vipuli.

Mafundi wenu wawili wana chembe ya ukweli kila mmoja, ila wote wamekosa mzizi. Moto wenu ni dhaifu kweli, nitaeleza kwa nini, lakini moto dhaifu huharibu sura na viungio, haupasui ushanga uliotulia mezani. Na chupa za bia zinafaa. Tatizo lenu kubwa liko kwenye kupoa, na la pili liko kwenye zile sahani.

Umewahi kuwaona akina mama wa Kikisi kule Ikombe, Kyela, wanavyotunza chungu kibichi? Hawakianiki juani. Wakikianika, mdomo ambao ni mwembamba unakauka na kusinyaa mapema, kitako kinabaki na maji. Siku kitako nacho kinapotaka kusinyaa, mdomo umekwisha kuwa mgumu, haufuati, na hapo ndipo ufa unapopita. Kioo hufanya hivyohivyo kwa joto badala ya maji. Ukiutoa ushanga motoni, ngozi ya nje inapoa na kugandamana kwanza. Ndani bado kuna moto, na kadiri ndani kunavyopoa kunataka kusinyaa, lakini ngozi imekwisha kukaza. Kwa hiyo ndani kunavutwa, nje kunabanwa, na mvutano huo unabaki umefungiwa humo ushanga ukiwa baridi kabisa. Sasa mbandike tembo masikio yenye unene wa shilingi kwenye mwili wenye unene wa kidole gumba. Masikio yanapoa kwa sekunde chache, mwili unachukua dakika. Ndiyo maana unayaona masikio yanaanza.

Kwa nini isubiri siku ya pili? Kioo chenye mvutano kinangoja kisingizio tu. Kinaweza kuwa mkwaruzo usioonekana kwa macho, au baridi ya usiku wa Uyole mwezi wa sita baada ya mchana wa jua. Hata unyevu wa hewa unachangia, kwani maji hulegeza kioo pale kwenye ncha ya ufa mdogo, na ufa unatambaa kimyakimya hadi ufike mahali pa kukata.

Dawa yake karakanani kwetu tunaiita kupumzisha. Unaurudisha ushanga kwenye joto ambalo kioo hakiyeyuki wala hakipotezi umbo, lakini chembe zake bado zina uwezo wa kusogea na kuachiana. Kwa kioo cha chupa joto hilo ni nyuzi 540 hadi 550 za Selsiasi. Unaushikilia hapo kwa dakika 45 hadi saa nzima kama unene wake hauzidi sentimita 2, kisha unaushusha taratibu, nyuzi kama 60 kwa saa, mpaka ufike 400. Baada ya hapo unazima tanuru na kuliacha lipoe lenyewe bila kufungua mlango. Watu wengi huona sehemu ya kushusha ndiyo muhimu, wakaharakisha kushikilia. Vyote viwili vinahitajika. Kushikilia kunaondoa mvutano uliokuwepo, kushusha polepole kunazuia mwingine usizaliwe.

Sufuria la majivu linachelewesha kupoa, basi. Ushanga unaingia ukiwa karibu nyuzi 600, majivu yako pengine yako 200, na ndani ya dakika chache umeshapita eneo lote ambalo kioo kingeweza kupumzika. Kwa ushanga wa mviringo mdogo kama punje ya mahindi hiyo inatosha kuufikisha asubuhi ukiwa mzima. Kwa tembo mwenye masikio, haitoshi. Ila msiyatupe majivu yenu. Yana kazi nzuri ya kuhifadhi shanga za siku nzima zisipasuke papo hapo, mpaka mzikusanye na kuziingiza zote tanurini kwa mkupuo mmoja. Shanga iliyopoa inaweza kupashwa tena, mradi uipandishe pole, kwa muda wa saa mbili hivi kutoka baridi hadi 550.

Mvutano huo mnaweza kuuona kwa macho, na nashauri mfanye hivyo leo kabla ya kununua chochote. Tafuteni miwani ya jua ya aina ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, na kompyuta mpakato. Fungueni ukurasa mweupe mtupu uenee skrini yote. Shika miwani mbele ya jicho na uizungushe kama usukani, taratibu, mpaka weupe wa skrini ugeuke giza. Usipogeuka giza, miwani si polaroidi ya kweli, warudishieni wenye duka. Sasa weka ushanga kati ya skrini na miwani. Kioo kilichotulia kinabaki cheusi kama mandhari yake. Kioo chenye mvutano kinawaka: utaona mistari myeupe ikizunguka tundu, na mng'ao mkali mahali sikio linapoungana na kichwa. Inafanya kazi kwa kioo kinachopitisha mwanga tu, kwa hiyo jaribuni na zile za chupa nyeupe au za kijani. Mkiona mng'ao huo hamtahitaji mtu mwingine kuwashawishi.

Sasa sahani. Kila aina ya kioo hutanuka ikipashwa na kusinyaa ikipoa kwa kiasi chake. Kioo cha chupa hutanuka takriban sehemu 90 katika milioni 10 kwa kila nyuzi moja. Fimbo za kioo laini zinazotoka Murano, Italia, ambazo watengeneza shanga wengi duniani hutumia, ni 104. Bakuli la kuingia oveni ni kama 33 tu. Zile sahani nyeupe zina mapishi yao, si ya chupa. Mkichanganya vioo viwili vya namna hiyo, kila kimoja kitasinyaa kwa kipimo chake huku vimeshikamana, na hapo hata tanuru la dhahabu halitawasaidia, kwa sababu mvutano huo hauondoki kwa kupumzishwa. Ufa unaozunguka jicho kama wanja ndiyo alama yake. Angalia shanga zilizopasuka: nina hakika utaukuta.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua vipande viwili unavyotaka kuvichanganya, viyeyushe ubavu kwa ubavu mpaka vishikane kama mapacha, kisha vuta uzi mwembamba mrefu kama mkono. Uache upoe. Uzi ukibaki umenyooka, vioo hivyo vinaelewana. Ukijikunja kama upinde, upande wa ndani wa upinde ndiyo kioo kinachosinyaa zaidi, na wawili hao msiwaoze. Fanyeni hivyo hata kati ya chupa ya bia na chupa ya soda, maana viwanda havifuati kipimo kimoja sawasawa. Mimi mwili na masikio ya mnyama mmoja nayatoa kwenye chupa ileile, rangi nyingine inakuja kwa nukta ndogo tu baada ya kufaulu mtihani wa uzi.

Kuna vioo vya kukataa kabisa hata vikinyooka. Kristali, zile glasi nzito za kung'aa zinazolia kama kengele, nyingi zina madini ya risasi. Kioo cha televisheni za zamani za mgongo kina risasi vilevile. Mirija ya taa ndefu ina zebaki. Hivyo si vya kumpa mtoto, na si vya kupulizia moto usoni mwako.

Kuhusu moto, fundi wako wa kwanza ana hoja. Uyole iko juu, zaidi ya mita 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi, pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Tochi yenu inavuta hewa hiyo ili kuunguza gesi, kwa hiyo mnafanya kazi na moto uliopunguziwa chakula. Ongeza baridi: gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kuchemka ikikaribia nyuzi sifuri. Ukiivuta kwa nguvu, mtungi wenyewe unapoa, unatoa jasho, wakati mwingine unashika barafu kwenye kitako, na moto unakuwa wa njano na mlegevu. Mtungi wa kilo 15 una eneo kubwa zaidi ndani la gesi kuchemkia kuliko wa kilo 6, hivyo unahimili. Ukilegea, uwekeni kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Moto au kaa la moto karibu na mtungi, hapana, hata kwa dakika moja. Hatua ya juu zaidi ni tochi inayochanganya gesi na oksijeni. Hiyo haijali mwinuko, lakini isubiri. Na msiazime vifaa vya asetilini vya wachomeleaji wa Mwanjelwa, moto wake una masizi yanayoingia kwenye kioo.

Moto ukiwa mdogo, mnachoweza kubadili leo ni sura yenyewe. Fupisha masikio. Yaanze na kitako kipana, uyayeyushe mpaka kiungio kiwe na mteremko na si mfereji, kwa sababu mfereji mwembamba kati ya sikio na kichwa ni ufa ambao haujapewa ruhusa tu. Na wakati unaweka jicho la kushoto, usisahau upande wa kulia: kila sekunde chache pitisha ushanga mzima motoni, uuzungushe, urudi kazini. Wanaoanza huganda kwenye jicho mpaka lipendeze, kumbe mkia umeshapoa.

(Na bundi, dada, muacheni. Huko Ulaya ni mwenye hekima. Hapa ukimpeleka wodini, bibi wa mtoto atawatoa mbio.)

Spoki za chuma cha pua hazina neno. Zile zilizopakwa zinki, nyingi ndizo hizo za madukani, zikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Afadhali kununua fimbo za kuchomelea za chuma cha pua za milimita 2 au 2.4, zikatwe. Udongo wa kupaka uwe kaolini (ule udongo mweupe laini) iliyochujwa kwa kitambaa, mzito kama uji wa mgonjwa. Machimbo yake ya Pugu yanajulikana tangu zamani. Mkiukwangua tundu baada ya kazi, ukwangueni ndani ya maji. Vumbi lake kavu linaingia kwenye mapafu na halitoki. Vilevile fungueni madirisha, hata kama baridi inauma, kwa sababu tochi kwenye chumba kilichofungwa inatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu kwenye majiko ya mkaa. Na macho: ule mwanga wa njano unaowaka kioo kikiyeyuka unachosha na unaficha kazi. Miwani ya didimiamu, yenye uzambarau hafifu, inaufuta. Ya mchomeleaji ni giza mno, mtafanya kazi kwa kupapasa.

Laki tisa basi. Kama ni fedha yangu, yote ya mwanzo inakwenda kwenye tanuru dogo la umeme la kupumzishia, kabla ya tochi mpya, kabla ya kioo cha nje. Halihitaji kuyeyusha kitu, linatakiwa kufika 550 na kukaa hapo bila kuyumba. Fundi anayejua anaweza kulijenga kwa matofali mepesi ya kuhimili moto, waya wa kupasha, kipimajoto cha aina ya K na kidhibiti joto. Tanuru la kilowati 2 likifanya kazi saa sita haliwezi kuvuka yuniti 12, na kwa kuwa linazima na kuwaka lenyewe wakati wa kushikilia, litakula pungufu ya hapo. Umeme ukikatika katikati, msifungue mlango kuchungulia. Liacheni lipoe, na umeme ukirudi rudieni upya toka mwanzo. Hakuna kilichoharibika. Waya wa kupasha msiufunge wenyewe, hata kama kuna kijana mtaani anayejua. Nendeni VETA au ofisi za SIDO hapo Mbeya muombe mtu wa matanuru, na mchukue makadirio ya zaidi ya fundi mmoja. Kabla hata ya hapo, ulizeni chuo kikuu cha MUST kama maabara yao ina tanuru na kama watawaruhusu kupumzisha shanga mara moja kwa mwezi. Huenda laki tisa yenu ikabaki kuwa ya gesi.

Ipo njia nyingine ambayo siwezi kuacha kuitaja, maana pengine inawafaa zaidi ya hii mliyonayo. Wakrobo wa Ghana hutengeneza shanga bila tochi. Wanaponda kioo kuwa unga, wanaujaza kwenye vijungu vya udongo vilivyopakwa kaolini, na katikati wanasimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kioo kinashikamana, kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Sura inachorwa kwa kupanga unga wa rangi tofauti. Hakuna masikio ya kukatika, na kijungu kinatunza joto ushanga upoe pole. Uzuri wake si ule wa tembo wako, ni ushanga wenye uso uliopakwa, na kuponda kioo kunataka maji na barakoa. Lakini akina mama saba wanaweza kutengeneza shanga mia kwa moto mmoja. Uyole ni nchi ya viazi, kwa hiyo vikonyo vifuateni Kyela, na mkifika huko ongeeni na Wakisi kuhusu vijungu. Udongo wao unajua moto.

Wazo lenu la kumhesabia mtoto ushujaa kwa shanga ni zuri na lina watangulizi: Marekani shirika la Beads of Courage hufanya hivyo kwa watoto wenye magonjwa mazito, kila hatua ya matibabu ushanga wake. Lakini kabla ya kupeleka hata mmoja, kaeni na muuguzi msimamizi wa wodi, maana yeye anajua mnachoingia. Mwambieni mapema kwamba watoto chini ya miaka mitatu hawatapewa, kwa sababu kila kitu chao kinaishia mdomoni, na ushanga unaziba koo. Kwa hao pelekeni kitambaa au mdoli wa uzi. Kwa wakubwa, uzi usivaliwe shingoni kitandani. Ufungwe kwenye begi au kwenye chuma cha kitanda. Wapo watoto wenye kinga dhaifu, kwa hiyo kila ushanga uoshwe kwa sabuni, uwe wa mtoto mmoja, usirithishwe. Pitisha kidole kwenye midomo ya tundu: ikikwaruza ngozi itakata na uzi. Isugueni ndani ya maji kwa msasa wa almasi, au muuweke kando.

Zile mlizonazo zigawanyeni mafungu mawili leo. Zenye weupe wa sahani hazina tiba, zivunjeni muone ufa ulivyopita, mtajifunza kuliko kwa maneno yangu. Zilizotoka kwenye chupa moja zitunzeni kwenye majivu makavu hadi siku ya tanuru, kisha zipimeni tena kwa ile miwani. Bundi wakiwemo humo, wapumzisheni pia na mnitumie Iringa. Wazungu wanaopita hapa kwenda Ruaha watawanunua, na hela itarudi kwenye gesi yenu.